Dhima Bila Mamlaka: Kadhia ya Mkuu wa Shule ya Sekondari Mjini

Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali jijini Dar es Salaam, ambaye aghalabu aliteuliwa kwa umahiri wake darasani, hujikuta amekabidhiwa dhima za mhasibu, msimamizi wa ujenzi na mpatanishi wa mtaa, ilhali mamlaka ya kuzitekeleza yamebaki mikononi mwa wengine. Nami nashikilia kwamba kasoro nyingi tunazomlaumia asili yake ni pengo hilo, wala si uzembe wake.

Tutazame walimu. Mwajiri wao ni mkurugenzi wa halmashauri, uhamisho wao huidhinishwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na makosa yao mazito huamuliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Matokeo ya kidato cha nne yakiwa mabaya, mkuu ndiye anayeitwa kujieleza. Lakini mwalimu alipopangwa, mkuu huyo hakuulizwa ana upungufu wa walimu wa somo gani. Na kwa kuwa wengi huhamia mjini kuwafuata wenzi wao, huenda akampokea mwalimu mwingine wa Historia huku vipindi vya Fizikia vikipita bila mtu ubaoni, wala hana budi ila kumkaribisha mgeni kwa bashasha na kuipangua ratiba yote ili naye apate vipindi.

Fedha ni taklifu kubwa zaidi. Serikali ilipofuta ada kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ilitenda haki kwa watoto wa mafukara, na sidhani yupo mwungwana atakaye ada irudi. Lakini ruzuku iliyowekwa, Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, huhesabiwa kwa vichwa, mjini na shamba sawasawa, ingawa shule ya mjini ina ankara ya maji, umeme wa LUKU, gari la kunyonya vyoo vilivyojaa, na mlinzi wa kukesha katika uwanja usio na ukuta ambao wapita njia wameufanya njia ya mkato. Na tangu Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mnamo Januari 2018, mkuu huogopa hata kumwomba mzazi karatasi za mtihani wa majaribio.

Mwishoni mwa 2021, fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 12,000 ya sekondari kwa Sh milioni 20 kila moja, wakuu wa shule ndio waliohesabu mifuko ya saruji na kubishana na mafundi, katika msimu ule ule ambapo kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa. Madarasa yalihitajiwa mno. Ni nani, hata hivyo, aliyekuwa akikagua maandalio ya masomo wiki zile?

Wapo wasemao dawa ni mafunzo, na kazi ya ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo, yastahili sifa. Ila mafunzo hayampi mtu idhini asiyokuwa nayo. Wengine wahofu ubadhirifu mkuu akiongezewa mamlaka, nao twawajibu kuwa bodi za shule zipo kisheria na zaweza kutiwa nguvu. Kila shule mbili jirani zipewe mhasibu mmoja, ili mwalimu wa Biashara anayebebeshwa vitabu vya hesabu aachwe afundishe. Ruzuku izingatie gharama za mji. Na mkuu asikizwe, kwa maandishi, kabla mwalimu hajaletwa wala kuondolewa.