Rupia Yenye Tundu

Bibi mmoja wa Didia, kando ya barabara ya Tinde kwenda Shinyanga, alifungua fundo la kanga akanipa sarafu ya fedha. Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani yumo, kofia ya vita kichwani, tai katua juu yake. Tundu la msumari limempitia tai huyo katikati. Nyuma pameandikwa 1 RUPIE, 1910, na herufi J, alama ya kiwanda cha Hamburg. Zenye A zilipigwa Berlin.

Rupia hizi zilianza 1890, zikitolewa na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Uzito wake, gramu 11.66, uliigwa kutoka rupia ya Kihindi, maana ndiyo wafanyabiashara wa pwani waliyoizoea. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikaigawa upya kwa heller 100, na watu wakatamka walivyoweza: hela. Koloni lilikufa, neno likabaki mifukoni mwetu. Bara, watu wengi waliikimbilia rupia kwa sababu ya kodi ya nyumba iliyoanza 1898. Ukikosa, ulikwenda kubeba mizigo au kulima shamba la mzungu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, manowari za Waingereza zikafunga pwani na sarafu zikakatika. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Maganda ya risasi za mizinga yakawa hela tano na hela ishirini, na dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15 yenye tembo na Mlima Kilimanjaro, zipatazo 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Leo wakusanyaji wa Ulaya wanaigombea hiyo ya tembo, wakati huku kwetu watu wanachimbua magofu ya boma kutafuta mali ya Mjerumani.

Shilingi ilikuja 1921 ikiwa na robo tu ya fedha. Rupia ilikuwa na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Sonara hakuhitaji kuambiwa ipi ayeyushe. Zilizopona tanuri, nyingine zilitobolewa, zikavaliwa. Mkusanyaji anaona tundu ni kasoro, bei inaporomoka. Mimi naona kinyume: safi kabisa imekaa tu sandukuni, haijui kodi wala shingo ya mtu.

Nilikuwa nimeazima mizani ndogo ya mnunuzi wa dhahabu wa Kakola. Ikasoma 11.2.

"Imepungua?" bibi akauliza.

Nikamwambia tundu limekula kidogo, na kuvaliwa kumekula kingine.

"Mama alikuwa nayo shingoni akininyonyesha. Nilikuwa naing'ata." Akanyoosha mkono. "Nirudishie, baba. Haiuzwi hiyo."