Kuazima Vitabu na Kununua Vitabu

Wengi husema kwamba kuazimisha vitabu kunaua biashara ya vitabu. Tuangalie mambo ya zamani huko Uingereza.

Mwaka wa 1842, Charles Edward Mudie alianza kuazimisha vitabu mjini London. Mtu akilipa shilingi 21, aliazima mwaka mzima, kitabu kimoja kimoja. Lakini riwaya mpya, iliyogawanywa katika vitabu vitatu, iliuzwa dukani shilingi 31 na nusu. Nani basi angeinunua? Wasomaji wakaazima tu. Wachapaji hawakulia, maana Mudie mwenyewe alinunua vitabu vingi sana, kwa bei ya kupunguziwa. Hivyo bei ya dukani ikakaa juu miaka mingi.

Kumbe, anayewanunulia wengi ndiye anayewachagulia. Riwaya ambayo Mudie aliona haina adabu, hakuieneza. George Moore alipopatwa na hayo, alitoa riwaya yake ya 1885 katika kitabu kimoja, kwa shilingi 6, msomaji ainunue mwenyewe. Mwaka wa 1894 maktaba kubwa zenyewe zilikataa kulipa zaidi ya shilingi 4 kwa kila kitabu. Baada ya miaka michache riwaya za vitabu vitatu zikaisha.

Basi, kuazimisha hakukuua kununua. Kulitia uchaguzi mikononi mwa mnunuzi mmoja. Nasi waseminari, tunaosoma vitabu vya shirika, tusimwachie padri mtunza vitabu mzigo huo peke yake. Tumwambie mapema vitabu tunavyohitaji, kabla fedha haijatumika.