Karantini, Kambi na Wodi ya Kutenga

Miongoni mwa istilahi za tiba zitumiwazo bila kupimwa ni zile zihusuzo mahali pa kuwekea wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Twasema karantini, kambi na wodi ya kutenga kana kwamba yote ni mamoja. Historia yaonyesha kuwa sivyo, na kwamba jina baya laweza kumfukuza mgonjwa mlangoni.

Tuanze na Uingereza. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba fukara aombaye msaada aingie katika nyumba maalumu, ambamo mume, mke na watoto walitenganishwa, na wenye nguvu wakafanyishwa kazi. Kuiita nyumba hiyo “nyumba ya kazi” kwapotosha, maana msomaji atadhani ni karakana. “Nyumba ya mafukara” yasema kweli zaidi. Humo wenye ndui na homa waliwekwa, palipowezekana, katika jengo la pekee.

Mwaka 1867 sheria nyingine iliunda bodi ya kujenga hospitali za maradhi hayo London, nje ya nyumba za mafukara. Zile za Homerton na Stockwell zilifunguliwa mwaka 1871. Mtindo wa zama hizo, uliotetewa sana na Florence Nightingale, ulikuwa wodi ndefu zilizoachana, zenye madirisha yanayokabiliana ili upepo upite kati ya vitanda. Wengi waliamini kuwa hewa mbovu ndiyo iletayo ugonjwa. Nadharia hiyo ilikuwa na kasoro, lakini nafasi na hewa safi vilifaa.

Hata hivyo watu walisita kuingia, kwa kuwa kulazwa humo kulihesabiwa kuwa ni kupokea msaada wa mafukara, na apokeaye msaada huo alipoteza haki ya kupiga kura. Sheria ya mwaka 1883 ndiyo iliyoondoa aibu hiyo. Kuta zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni hadhi ya aingiaye.

Kwetu mambo yalikuwa na sura nyingine. Tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kutoka maporini na kuwakusanya katika makazi makubwa, kwa ajili ya malale. Waliokusanywa wengi wao walikuwa wazima: walitengwa na mbung’o, si na wagonjwa. Kuyaita makazi hayo “kambi za wagonjwa” ni kosa. Tena, katika sehemu kama Mwese, kwenye miinuko ya Mpanda iliyopokea wakimbizi kutoka Rwanda katika miaka ya 1960, neno “kambi” limekwisha kubeba mzigo mwingine.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Kwanza, “karantini” ibaki kwa wanaoshukiwa lakini hawajaugua, kama abiria wa meli waliowekwa kisiwani Changuu, Zanzibar. Pili, mahali walipolazwa wagonjwa paitwe “wodi ya maradhi ya kuambukiza”, jina litajalo ugonjwa na kumwacha mtu na heshima yake. Tatu, “makazi ya kinga” yatumike kwa watu wazima waliohamishwa kuepuka ugonjwa.

“Wodi ya kutenga” tuiache. Kijijini kutengwa ni adhabu: aliyetengwa haendewi msibani wala hapewi moto. Mama aliyebeba mtoto mwenye surua asikutane na neno hilo mlangoni.

Twawaomba wasomaji, hasa waganga na wauguzi wa vijijini, watoe maoni yao.