SUMAKU INAYONASA SARATANI KWENYE DAMU (Sehemu ya 4)

Leo najibu swali la mmoja wenu. Mwanawe ana uvimbe kwenye taya. Kuna watu walipita mtaani na kimashine, mtoto akashikishwa kifimbo, baada ya dakika chache mama akaambiwa sumaku imesoma mwili mzima, saratani hakuna. Hela akatoa. Akaniuliza: "Nesi, hiyo sumaku ni ya kweli?"

Sumaku ya saratani ipo. Ila siyo hiyo. Ngoja nikusimulie ilikotoka.

Mwaka 1869 huko Australia, daktari Thomas Ashworth alitazama kwa darubini damu ya mtu aliyefariki kwa saratani. Akaona seli zinazofanana kabisa na zile za uvimbe wake. Maana yake seli za saratani zinaweza kubanduka zikasafiri na damu. Shida ni kuzipata! Ni kama kutafuta punje tano za ulezi kwenye malori ya mpunga wa Kamsamba.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kupata ujanja. Wataalamu walitengeneza chembe za chuma ndogo mno, ndogo kuliko hata seli yenyewe, wakazipaka kingamwili zinazong'ang'ania protini fulani iliyo juu ya aina nyingi za seli za saratani. Damu inatolewa kwa sindano, inachanganywa na chembe hizo, kisha sumaku inawekwa pembeni ya chombo. Seli zilizonaswa zinavutwa upande mmoja, damu nyingine inaondolewa, zilizobaki zinatiwa rangi na kuhesabiwa. Kipimo kinaitwa CellSearch, na Marekani ilikiruhusu mwaka 2004 kwa wanawake ambao saratani yao ya matiti imeshasambaa. Kinatumia mililita 7.5 za damu, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Zikionekana seli 5 au zaidi, daktari anajua ugonjwa ni mkali.

Umeona? Damu inatoka mwilini kwanza. Na anapimwa mtu ambaye tayari inajulikana ana saratani. Hakuna kifimbo hapo.

Sasa turudi kwa mtoto wa taya, maana historia yake ni ya huku kwetu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Haukupita muda akamwona mwingine Jinja. Akaanza kuuliza hospitali moja baada ya nyingine, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka kwa wiki kumi, kama kilomita 16,000, wakipita Tanganyika kushuka kusini. Wakagundua ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, na kwenye miinuko ya baridi unapungua. Baadaye vikatajwa virusi, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 kwenye uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, pamoja na malaria. Lakini usijifariji na baridi ya Tunduma. Nusu yetu tunashuka bonde la Rukwa kila msimu wa kilimo, na watoto mgongoni.

Jambo zuri ni kwamba Burkitt aliona uvimbe huu unayeyuka kwa dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Jambo baya ni kasi yake: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Ile sumaku ya 2004 haiwezi kuunasa, kwa sababu seli zake hazina ile protini. Ndiyo maana watafiti wa Muhimbili, wa hospitali ya Lacor kule Gulu na wa Oxford wamekuwa wakijaribu njia nyingine: kutafuta kwenye damu vipande vya DNA vinavyomwagwa na uvimbe, ili mtoto asikae wiki nyingi akisubiri majibu ya kinyama. Bado ni utafiti. Kwa sasa kinyama lazima kikatwe.

Na sumaku za kweli ziko maabara zetu, sema tu hazijitangazi. Mama unayetumia ARV, unapopimwa wingi wa virusi, mashine nyingi huvuta chembe za urithi za virusi kwa vipunje vya sumaku.

Yule mama nilimuuliza swali moja tu: meno ya mtoto yanacheza? Akasema mawili yanacheza, na jirani alishamshauri wakayang'oe. Nikamwambia yasiguswe, aende kituo cha afya apewe rufaa siku hiyo hiyo. Jumatatu walipanda basi la Mbeya. Kinyama kimeshakatwa, majibu tunasubiri.