Mifano ya Vichwa vya Dizeli na Kumbukumbu ya Reli ya Mwanza

Kirumba ni mtaa wa Mwanza uliolala kando ya ziwa, kaskazini ya katikati ya mji. Wageni huujua kwa soko la dagaa la Mwaloni na kwa uwanja wake wa mpira. Kwa reli haujulikani. Walakini mtoto wa Kirumba, kama watoto wengi wa nchi hii, akipata kopo, kipande cha waya na vizibo vya chupa, huunda gari. Na aliyewahi kufika stesheni ya mji huunda treni. Kichwa cha treni yake ni kopo lililolazwa, lenye chumba cha dereva upande mmoja. Hakina dohani ndefu mbele, wala hakina behewa la makaa nyuma. Mtoto huyo ameandika historia bila ya kushika kalamu, maana chombo chake chashuhudia kwamba muundaji alizaliwa baada ya mvuke kuondoka.

Jambo hili dogo lafungua swali kubwa. Je, mfano wa kichwa cha treni ni kitu cha kuchezea tu, au ni hati inayoweza kusomwa kama barua na daftari zisomwavyo? Jibu lataka kwanza historia ya chombo chenyewe.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ilikuwa tawi la Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Upana wake, reli hadi reli, ulikuwa mita moja, na treni zake zilivutwa kwa mvuke. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1955 shirika hilo lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester vichwa 34 vya mvuke vya aina ya 59, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na jina la mlima. Viwili kati ya hivyo, Mount Gelai na Mount Shengena, vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Milima yote miwili iko Tanzania. Hivyo mvuke ulipoaga ulisindikizwa kwa heshima, na mtu atakaye kuupima aweza kwenda na utepe wake akaupima.

Dizeli iliingia kimya zaidi. Mwaka 1960 shirika lilianza kutumia vichwa vya aina ya 90, vilivyopewa baadaye namba ya 87, vyenye nguvu za farasi 1,840 na vilivyotengenezwa na kampuni ya English Electric ya Uingereza. Katika zama zile zile kampuni hiyo iliwatengenezea Waingereza vichwa vilivyokuja kuitwa aina ya 40, vyenye nguvu za farasi 2,000. Mpangilio wa magurudumu ya vichwa hivyo viwili ni mmoja: ekseli nane, sita za kusukuma na mbili za kubeba tu, ili uzito utawanyike juu ya reli. Ni ndugu wa baba mmoja. Lakini ndugu wa Uingereza alitengenezewa mifano na Jouef ya Ufaransa, na baadaye na Bachmann, ikauzwa madukani kwa maelfu ya wapenzi. Yule wa Afrika Mashariki hakupata soko la namna hiyo. Sababu haikuwa ubora wa chombo. Mifano hutengenezwa kwa wenye fedha ya kuinunua, na kumbukumbu ikiachiwa soko hufuata mfuko wa mnunuzi.

Nasaba ya vichwa vya Tanzania yavutia zaidi inapolinganishwa. Mwaka 1972 vilikuja vichwa vya aina ya 88 kutoka kiwanda cha Montreal, Kanada. Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaunda shirika lake la reli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kiwanda cha Varanasi nchini India kilikuwa kimeuza vichwa vyake vya kwanza nje ya nchi, na mnunuzi alikuwa Tanzania. Vichwa hivyo vilipewa namba ya 73. Kwa haraka, Kanada na India ni mbalimbali kama mashariki na magharibi. Lakini anayeweka mifano miwili mezani, kimoja kando ya kingine, huona boneti ndefu na njia ya kupita miguu ubavuni, huuliza, na hugundua kwamba injini zote mbili ni za ukoo wa Alco wa Marekani, kampuni iliyoacha kutengeneza vichwa vya treni mwaka 1969. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mama alikwisha kufa, na watoto wake wakaendelea kuvuta mizigo katika Tanganyika ya zamani.

Ulinganishi huo hauna thamani bila ya kipimo. Skeli iliyoenea duniani ni ya moja kwa 87, na reli zake za mezani zina upana wa milimita 16.5, kiasi kinachowakilisha sawasawa njia ya milimita 1,435 ya Ulaya. Njia ya mita moja, ikigawanywa kwa 87, hutoa milimita 11.5, kwa hiyo watengenezaji hutumia reli za milimita 12, zile zile zinazobeba mifano ya treni za milimani za Uswisi. Mkusanyaji anayekipandisha kichwa cha Mwanza juu ya reli za milimita 16.5 amekipa miguu isiyo yake, na mfano wake wasema uongo.

Hata kipimo kizuri kina mpaka wake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Juu ya meza, hiyo nayo huwekwa juu ya reli za milimita 12, kwa kuwa tofauti ya milimita 67 hupungua ikawa chini ya milimita moja. Mezani, behewa la reli moja lapita katika nyingine bila ya shida. Kidatu, ambako njia hizo mbili hukutana, halipiti, na mizigo hulazimika kuhamishwa. Chini ya milimita moja ya mezani yaweza kuficha jasho la wapagazi. Mfano basi husomwa pamoja na historia, wala haushiki mahali pake.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba nchi yenye haja nyingi haina wakati wa kupima vyuma vikuukuu. Hoja hiyo ina uzito, lakini yasahau kwamba kupima hakugharimu kama kujenga makumbusho. Utepe, daftari na picha chache zatosha kuhifadhi urefu wa boneti, nafasi kati ya ekseli na rangi iliyopakwa. Kwa hati hizo, fundi wa kesho aweza kuunda kichwa kizima kwa mbao au kwa bati. Akiba haiozi.

Na wakati umekuwa mfupi. Ujenzi wa reli mpya ya milimita 1,435 ulianza mwaka 2017. Sehemu ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ilianza mwaka 2021. Na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Ni maendeleo yanayostahili shukrani. Lakini chuma cha kichwa kilichostaafu kina bei, na tanuri halimwulizi mtu kama amekwisha kupima. Mtoto wa Kirumba atakuja kuunda treni ya kopo yenye waya wa umeme juu yake. Siku hiyo, treni ya kopo ya kaka yake, yenye boneti ndefu, isije ikawa ndiyo hati pekee iliyobaki.