Sabuni ikitoa povu usidhani maji ni salama: historia fupi ya bomba letu chini ya Udzungwa

Kujua kama maji yako ni laini au magumu hakuhitaji maabara. Chukua kipande cha sabuni ya mche, nawa mikono, kisha angalia povu. Hapa Kisawasawa na vijiji jirani vilivyopangana chini ya Milima ya Udzungwa, maji ya mserereko kutoka mlimani hutoa povu haraka. Mgeni kutoka Unguja akifua kwetu anaweza kufikiri sabuni yetu ni kali kuliko ya kwao. Sabuni ni ileile, kilichobadilika ni mwamba.

Mvua inaponyesha haina ugumu wowote. Ikipita kwenye udongo inabeba hewa ya kaboni inayoifanya kuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha madini ya kalisi na magnesi kwenye mwamba. Penye chokaa nyingi, maji hutoka magumu. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya bomba kutoka chemchemi, na hadi leo birika nyingi za kisiwa kile zina gamba jeupe ndani. Gamba hilo ni chokaa iliyoachwa na maji yalipochemka. Udzungwa ni miamba migumu ya kale ambayo haiyeyuki kirahisi. Maji yanateremka kwa kasi na kufika bombani yakiwa yamebeba madini machache.

Faida yake unaiona jikoni. Maharage huiva upesi zaidi kwenye maji laini, kwa sababu kalisi hukaza ganda la maharage. Mama ntilie anayepika debe la maharage kwa wiki anaokoa kuni na sabuni bila hata kujua.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Tumezoea kuyapima maji kwa povu na kwa ladha, na yakifaulu tunayaita safi. Ugumu wa maji haujawahi kuwa ugonjwa. Hata Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha ugumu kwa sababu ya afya. Kinachougua watu ni vimelea, na vimelea havizuii povu. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi, hakikuchagua maji magumu au laini.

Basi maji yetu yanalindwa na nini? Tuirudie historia, maana majibu mengi yamo humo.

Mwaka 1965 serikali iliamua kubeba gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mita hizo 400 bado zinatajwa kwenye mikutano hadi leo, ingawa wengi hawajui zilikotoka. Mabomba yakachimbiwa, visima vifupi vikachimbwa, na katika mkoa wetu wa Morogoro Waholanzi walisaidia mradi mkubwa wa visima vya pampu za mkono.

Kisha mambo yakawa magumu. Baada ya vita vya Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi ilikosa fedha za kigeni, dizeli ikawa adimu na vipuri havikupatikana. Miradi ya mashine ikasimama sehemu nyingi, mabomba yakiwa mazima na injini zimekufa. Mserereko ulikuwa na bahati, kwani hauna injini. Maji hushuka yenyewe, na fundi wa kijiji mwenye msumeno na kipande cha bomba anaweza kuyarudisha. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa ya vijiji vya chini ya milima kuendelea kunywa maji ya bomba wakati wengine walirudi mtoni. Hatukuwa wachapakazi kuliko wao. Tulikuwa na mteremko.

Mwaka 1991 ulifika na ahadi haikutimia. Sera ya Maji ya 2002 ikageuza mambo: wananchi wamiliki miradi, wachangie na walipie uendeshaji. Mwaka 2019 ikaja sheria mpya na RUWASA ikaanzishwa kusimamia maji vijijini, huku mradi wenyewe ukiendeshwa na chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii. Nikiwa kwenye mikutano nasikia wazee wakikataa mchango wa maji, na vijana wanawacheka. Msiwacheke. Mzee aliyekuwa kijana mwaka 1971 aliambiwa na serikali yenyewe kwamba maji ni bure. Hajasahau, ndiyo maana habadiliki haraka. Lakini naye lazima aelezwe ukweli: mlima unatoa maji bure, ila bomba, tangi, chujio na dawa havitolewi na mlima.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, ambalo watumishi wenzangu hawapendi kulisema hadharani. Mwaka 1992 msitu wa juu yetu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo wanakijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011. Kwa upande wa maji, msitu uliofungwa ni neema: mizizi inashika udongo, mvua inazama taratibu, na kijito hakikauki kiangazi. Kwa upande wa jiko, akina mama waliambiwa wachemshe maji ya kunywa mwaka uleule walipopoteza mahali pa kuokota kuni. Msitu unaoleta maji ndio uliokuwa ukileta moto wa kuyachemshia. Ukiona nyumba haichemshi maji, usikimbilie kusema ni uzembe. Uliza kwanza fungu la kuni ni bei gani.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye kuni. Wengi huchemsha maji robo saa nzima. Haina haja. Maji yakichemka kwelikweli, mapovu makubwa yakapanda toka chini, epua. Vimelea vimekufa. Zinazobaki ni kuni zako.

Pili, lipo jua. Chukua chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, jaza maji maangavu, ilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, iache siku mbili. Isimamishe juu ya gazeti na uchungulie mdomoni mwake: kama husomi kichwa cha habari, maji yana matope mno. Tuliza kwanza, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Hata anayetumia dawa ya klorini afanye hivyo, kwa sababu tope hula dawa kabla haijafikia vimelea. Masika, kijito kikigeuka rangi ya chai ya maziwa, hili ni la kila siku.

Wenye visima huku chini bondeni, kama ndoo yako inabaki na rangi ya kutu na chai inakuwa nyeusi ghafla, hiyo ni chuma. Haiui, ila inaharibu mashati meupe ya shule. Mwaga maji toka juu kwenye chombo kipana yapate hewa, acha usiku kucha, asubuhi kinga ya juu tu.

Na mkulima wa mpunga, mambo haya yanakugusa hata shambani. Dawa ya magugu yenye glaifoseti ukiichanganya na maji ya matope au maji magumu, inashikwa na tope na madini kabla ya kufika kwenye jani. Unalaumu duka, kumbe ni ndoo. Tumia maji maangavu. Pampu usioshee kijitoni, na usilime ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeliweka hilo wazi, na mimi mwenyewe nimeona mahindi yakiwa yamesimama hatua chache tu toka kwenye chanzo.

Mkutano ujao wa chombo cha maji, uliza maswali mawili: tangi liliosha lini mara ya mwisho, na sampuli ya maji ilipelekwa maabara mwezi gani. Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari, pamoja na tarehe.