Mwanafunzi wa Helsinki na Viraka vya Wageni

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikubwa hakina budi kujengwa na serikali, au na kampuni yenye fedha nyingi. Basi sikiliza, msomaji, habari za kitu kilichojengwa kwa namna nyingine.

Mwaka wa 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Kompyuta yake mpya aliiendesha kwa Minix, programu iliyotungwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Haikumtosheleza. Akaanza kuandika kiini chake mwenyewe, yaani ile programu inayoitawala mashine nzima na kuzigawia programu nyingine kazi. Tarehe 25 Agosti akawaarifu watumiaji wenzake wa Minix kwamba anatunga kitu cha kujifurahisha tu, ambacho hakitakuwa kikubwa, akawauliza wangependa kiwe na nini. Toleo la kwanza, ambalo baadaye liliitwa Linux, lilikuwa na mistari ipatayo 10,000.

Aliyatoa maandishi yenyewe, kila mtu ayasome. Aliyeona kasoro aliitengeneza, akampelekea mwenyewe kile walichokiita kiraka. Katika kiraka, mstari wa kuondolewa hutiwa alama ya kutoa, na wa kuingizwa hutiwa alama ya kujumlisha, hata mpokeaji akaona mara moja ni nini kinachobadilishwa. Torvalds alivisoma, kilichofaa akakishona mahali pake, kisichofaa akakikataa.

Hapo mwanzo alikataza watu kuiuza. Mwaka wa 1992 akaiweka chini ya leseni ya GNU, iliyotungwa na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo yakuruhusu kunakili, kubadili, hata kuuza. Lakini ukimpa mwenzako programu uliyoibadili, sharti umpe na maandishi yake. Kwa maoni yangu, sharti hilo ndilo lililowatia watu moyo. Nani atakwenda kupalilia shamba, akijua kwamba mavuno yatafungiwa katika ghala la mtu mmoja?

Mwezi wa Januari mwaka huo huo Profesa Tanenbaum alisema hadharani kwamba mpango wa Linux umepitwa na wakati, na kwamba Torvalds angekuwa mwanafunzi wake, asingepata alama ya juu. Ninyi mlio shuleni mwajua uchungu wa maneno hayo! Kijana alijibu kwa ukali, kisha akaomba radhi kwa ukali wake, lakini kazi hakuiacha. Wala profesa hakuwa mjinga. Hoja zake zina uzito hata leo. Ila wakati wanavyuoni walipokuwa wakibishana, viraka vilizidi kuingia.

Baadaye ilizuka hatari kubwa zaidi. Mwaka wa 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba mali yake imeingizwa katika Linux bila ruhusa. Kwa hiyo tangu mwaka wa 2004 kila mwenye kuleta kiraka huweka mstari wenye jina lake, kushuhudia kwamba ana haki ya kukitoa.

Leo mistari imepita milioni 30, na simu zote za Android, zikiwamo zile zilizojaa mifukoni mwa watu hapa Kenya, huendeshwa na kiini hicho. Usidhani kwamba wote hufanya kazi bure. Wengi hulipwa mishahara na makampuni yanayoitegemea Linux. Lakini kiraka cha mwenye mshahara na cha mwanafunzi hukaguliwa vilevile, na mara nyingi hurudishwa mara mbili au tatu kabla ya kukubaliwa. Wageni wengi huanzia padogo sana: neno moja lililoendelezwa vibaya katika maelezo, nao hulisahihisha. Kiraka hicho kikipokewa, huandikwa katika kumbukumbu pamoja na tarehe na jina la aliyekileta.